Kujitayarisha kwa mtihani wa fizikia na kemia wa S.4



Mtihani wa S.4 hufanywa karibu na mwisho wa mwaka, na fizikia na kemia ni masomo ya lazima. Wengi wenu hapa Nakivale mlianza shule kwa Kifaransa, huko Kongo au Burundi, na sasa mnaandika kwa Kiingereza. Nyumbani mnaongea Kiswahili au lugha nyingine. Wengine mlikaa nje ya shule mwaka mzima au zaidi kwa sababu ya vita na safari. Hivyo mtu anaingia katika chumba cha mtihani akilijua jambo, lakini hawezi kuliandika, na anayesahihisha hawezi kutoa alama kwa jambo lililobaki kichwani.

Somo hili linakuambia jambo moja. Sayansi nyingi inayoulizwa katika mtihani unaifanya kila siku: kwenye bomba la maji, jikoni, kwenye paneli ya jua. Kinachokosekana ni neno sahihi, kipimo sahihi, na mazoezi ya kuandika. Vitu hivi vitatu unaweza kuvipata hata kama shule yako haina maabara nzuri.

1. UJUE MTIHANI WENYEWE

Mtihani unatungwa na Baraza la Mitihani la Uganda, UNEB, na cheti chake kinaitwa UCE. Mtaala mpya wa sekondari ulianza mwaka 2020, na mtihani wa kwanza wa mtaala huo ulifanyika mwaka 2024. Kwa hiyo vitabu vya zamani vya maswali bado ni vizuri kwa kujifunza hesabu na majaribio, lakini usidhani maswali yatakuja kwa sura ile ile. Mwombe mwalimu akuonyeshe mfano wa karatasi mpya.

Kuna mambo mawili yaliyobadilika ambayo ni lazima uyajue.

La kwanza: alama 20 katika kila 100 hutoka katika kazi unazofanya shuleni na kupimwa na walimu. Usizidharau. Ukihama shule, kwa mfano kutoka Juru kwenda Mbarara, hakikisha kumbukumbu za kazi zako zinakufuata.

La pili: swali mara nyingi huanza na habari fupi ya maisha. Mtu ana shida fulani, nawe unatakiwa kutumia sayansi kumsaidia. Aliyekariri maelezo peke yake atapata taabu. Anayejua sababu za mambo atafanya vizuri.

Usajili hufanywa miezi mingi kabla ya mtihani. Jina lako liandikwe kwa herufi zile zile katika karatasi zako zote. Ikiwa ulimaliza shule ya msingi nje ya Uganda, ni lazima vyeti vyako vilinganishwe na vya Uganda kabla ya kusajiliwa. Kazi hiyo huchukua muda. Mwone mwalimu mkuu mapema, usingoje wiki ya mwisho.

2. NENO "NGUVU" LINAWEZA KUKUPOTEZEA ALAMA

Katika Kiswahili cha kila siku tunasema: mtu huyu ana nguvu, betri imekwisha nguvu, sukuma kwa nguvu. Neno ni moja tu. Katika mtihani wa Kiingereza yako maneno matatu tofauti, na ukiweka moja mahali pa jingine unakosa alama.

"Force" ni kani, yaani kusukuma au kuvuta. Hupimwa kwa nyutoni.
"Energy" ni nishati, yaani uwezo wa kufanya kazi. Hupimwa kwa juli.
"Power" ni kiasi cha kazi kinachofanyika katika sekunde moja. Hupimwa kwa wati.

Chukua jerikani ya maji ya lita 20. Lita moja ya maji ina kilo 1, kwa hiyo maji hayo ni kilo 20. Dunia inayavuta kwa kani ya 20 × 10 = nyutoni 200. Sasa unapanda nayo mlima, na juu ni mita 5 zaidi ya chini ulipoanzia. Kazi uliyofanya kwa kuinua maji ni 200 × 5 = juli 1,000. Ukipanda kwa sekunde 50, umefanya juli 1,000 ÷ 50 = wati 20. Dada yako akipanda na jerikani kama hiyo kwa sekunde 25, kani ni ile ile, kazi ni ile ile, lakini wati zake ni 40. Ukielewa mfano huu wa jerikani, hutachanganya tena maneno hayo matatu.

Tahadhari na mtego mmoja: ukitembea na jerikani kwenye njia tambarare, utachoka, lakini kwa maana ya fizikia hufanyi kazi ya kuyainua maji, kwa sababu hayapandi juu.

Maneno mengine ya kuangalia:

"Uzito" kwetu ni neno moja. Kwa Kiingereza, "mass" hupimwa kwa kilo, na "weight" ni kani, hupimwa kwa nyutoni. Sukari ya dukani ina "mass" ya kilo 1, na "weight" yake ni karibu nyutoni 10.

"Joto" nalo ni neno moja. "Temperature" ni kipimo cha digrii. "Heat" ni nishati inayotoka kwenye kitu chenye moto kwenda kwenye kitu chenye baridi, nayo hupimwa kwa juli. Kikombe cha chai na sufuria kubwa ya chai vinaweza kuwa na digrii sawa, lakini sufuria inahitaji juli nyingi zaidi kufika hapo.

3. KWA WALIOSOMA KWA KIFARANSA

Yale uliyojifunza hayakupotea. Kanuni ni zile zile, na alama za elementi ni zile zile. Lakini angalia haya:

Alama ya mkato. Kwa Kifaransa 2,500 ni mbili na nusu. Kwa Kiingereza 2,500 ni elfu mbili na mia tano, na mbili na nusu huandikwa 2.5. Kosa hili dogo linaweza kuharibu hesabu nzima.

Neno "tension". Kwa Kifaransa huenda ulilitumia kwa volti. Kwa Kiingereza cha mtihani "tension" ni kani ndani ya kamba iliyovutwa. Volti huitwa "voltage".

Neno "azote" ni "nitrogen". Neno "plomb" ni "lead". Neno "étain" ni "tin". Tengeneza orodha yako mwenyewe ya maneno 50, ukiandika Kifaransa, Kiingereza, na maana kwa Kiswahili. Jifunze maneno 5 kwa siku, na kwa siku 10 umemaliza.

Jifunze pia maneno yanayotoa amri katika swali. "State" maana yake taja tu, bila maelezo. "Describe" maana yake eleza jinsi jambo linavyokwenda, hatua kwa hatua. "Explain" maana yake toa sababu. Jibu lisilo na neno "because" au neno kama hilo mara nyingi halijakamilika. "Calculate" maana yake onyesha kanuni, weka namba, toa jibu na kipimo chake. Tazama pia alama za swali. Swali la alama 3 linataka hoja 3, si ukurasa mzima.

4. JARIBIO LA KAMBA NA JIWE

Mtihani wa vitendo unaogopwa na wengi kwa sababu vifaa shuleni ni vichache na wanafunzi ni wengi. Lakini jaribio la pendulamu unaweza kulifanya chini ya mti.

Funga jiwe dogo kwenye kamba nyembamba na kuitundika kwenye tawi au msumari. Pima urefu kutoka mahali kamba ilipofungwa hadi katikati ya jiwe. Vuta jiwe kidogo pembeni, kisha liachie bila kulisukuma. Kwenda na kurudi ni mbembeo mmoja. Hesabu mibembeo 20 kwa saa ya simu, kisha gawanya muda kwa 20. Kwa nini 20? Kwa sababu kidole chako huchelewa kidogo kwenye saa, na kosa hilo likigawanywa kwa 20 linakuwa dogo sana.

Ukifanya vizuri utapata namba zilizo karibu na hizi:

Urefu mita 0.25: mibembeo 20 kwa sekunde 20.1
Urefu mita 0.50: mibembeo 20 kwa sekunde 28.4
Urefu mita 0.75: mibembeo 20 kwa sekunde 34.8
Urefu mita 1.00: mibembeo 20 kwa sekunde 40.1

Sasa tafuta muda wa mbembeo mmoja, T, na uuzidishe kwa wenyewe kupata T². Chora grafu ya T² dhidi ya urefu. Utapata mstari ulionyooka wenye mwinamo wa karibu 4.0. Gawanya 39.5 kwa mwinamo huo, utapata karibu 9.8. Hiyo ndiyo mvuto wa dunia, umeupima wewe mwenyewe kwa jiwe la Nakivale.

Alama nyingi za vitendo hutolewa kwa mpangilio, hata kama namba zako si kamili. Kila safu ya jedwali iwe na jina na kipimo. Namba za safu moja ziwe na tarakimu sawa baada ya nukta. Grafu ichukue zaidi ya nusu ya karatasi, mihimili iwe na majina, na pembetatu ya kutafuta mwinamo iwe kubwa. Usibadilishe namba ulizosoma ili zipendeze. Aliyezoea kusahihisha huliona jambo hilo mara moja.

5. KEMIA: RANGI NA HESABU

Chukua maua mekundu ya hibiskasi, yaponde, yatie katika maji ya moto, halafu chuja. Gawanya maji hayo katika vikombe viwili. Tia ndimu katika kimoja: yatakuwa mekundu zaidi. Tia maji ya majivu yaliyochujwa katika cha pili: yatageuka kijani. Ndimu ni asidi, majivu ni alikali. Angalia maji ya majivu yasiingie machoni, na usitumie tena vikombe hivyo kwa kunywea kabla ya kuviosha vizuri.

Jaribio la kutambua chumvi hufanywa shuleni tu, kwa sababu dawa zake ni hatari. Lakini majibu yake unaweza kuyajifunza nyumbani. Kata vipande vya boksi. Upande mmoja andika jina la ioni, upande wa pili andika kinachoonekana:

Shaba: mashapo ya buluu. Ukizidisha sodiamu haidroksaidi hayayeyuki. Ukizidisha amonia yanayeyuka na kuwa buluu iliyokolea.
Chuma (II): mashapo ya kijani, hayayeyuki.
Chuma (III): mashapo ya kahawia, hayayeyuki.
Zinki: mashapo meupe, yanayeyuka katika zote mbili zikizidishwa.
Alumini: mashapo meupe, yanayeyuka ukizidisha sodiamu haidroksaidi, hayayeyuki katika amonia.
Risasi: kama alumini. Ili kuzitofautisha, tia potasiamu ayodidi: risasi hutoa mashapo ya manjano.

Katika jibu andika kwanza ulichokiona, halafu maana yake. Ukiandika "kuna zinki" bila kusema uliona nini, unapoteza alama za kuona.

Kwa titresheni, fuata hatua hizi bila kuruka. Mfano: sm³ 25.0 za sodiamu haidroksaidi ya 0.1 M zilihitaji sm³ 20.0 za asidi ya haidrokloriki. Moli za alikali ni 0.1 × 25.0 ÷ 1,000 = 0.0025. Mole moja ya alikali humalizwa na mole moja ya asidi hii, kwa hiyo asidi nayo ni moli 0.0025. Asidi hiyo ilikuwa katika sm³ 20.0, basi ukali wake ni 0.0025 × 1,000 ÷ 20.0 = 0.125 M. Ukikosea hatua moja lakini umeonyesha zote, bado unaweza kupata alama za nyingine.

6. SWALI LA MAISHA: MFANO NA JIBU

Swali: Mama mmoja wa Rubondo ana duka dogo. Ana betri ya volti 12 na ampea-saa 20. Anataka kuwasha taa 3 za wati 5 kwa saa 4, na redio ya wati 10 kwa saa 3 kila jioni. Ameambiwa asitumie zaidi ya nusu ya betri ili isiharibike. Je, betri itamtosha?

Jinsi ya kujibu: Kwanza soma mwisho wa swali ujue unatakiwa nini. Pili pigia mstari namba zote. Tatu andika kanuni kabla ya hesabu.

Taa: 3 × 5 × 4 = wati-saa 60.
Redio: 10 × 3 = wati-saa 30.
Jumla: wati-saa 90.
Betri ikijaa: 12 × 20 = wati-saa 240. Nusu yake ni 120.

Sasa usiishie kwenye namba. Malizia kwa kumjibu mama: betri itatosha, kwa sababu anahitaji wati-saa 90 na anaruhusiwa kutumia 120. Sentensi hii ya mwisho wanafunzi wengi huisahau, na ndiyo iliyoulizwa.

7. RATIBA YA WIKI 10

Usisome fizikia saa 6 Jumamosi na kuiacha wiki nzima. Dakika 45 kila siku ni bora zaidi.

Jumatatu na Jumatano: fizikia. Mada moja, hesabu 3.
Jumanne na Alhamisi: kemia. Mada moja, hesabu 2, kadi za rangi.
Ijumaa: maneno ya Kiingereza, na kuandika majibu 2 marefu.
Jumamosi: jaribio moja, au karatasi moja ya mtihani kwa saa, bila kufungua kitabu.
Jumapili: pumzika, au rudia ulipokosea.

Someni watu 3 au 4 pamoja. Aliyeelewa amfundishe mwenzake kwa Kiswahili kwanza, halafu wote waandike jibu kwa Kiingereza. Kumfundisha mwenzio si kupoteza muda; ukishindwa kumwelezea, ujue nawe hujaelewa.

Onyo kwa wanaosoma usiku: usiweke jiko la mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa ili kupata joto. Mkaa ukikosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, nayo huua mtu akiwa usingizini. Hili si la mtihani tu.

8. KWA BABA NA MAMA

Mtoto wa S.4 anahitaji dakika 45 zenye mwanga kila siku. Tunajua maji ni lazima yachotwe na chakula kipikwe. Lakini tunawaomba mzigawe kazi hizo sawa. Ikiwa msichana anachota maji, anapika na kulea wadogo, naye kaka yake anasoma, basi msichana hataanguka kwa kukosa akili, ataanguka kwa kukosa muda.

Kozi za uuguzi na za ufundi huangalia matokeo ya sayansi. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa mwaka 1989 na kuanza na mafunzo ya udaktari, kiko karibu nasi. Ufadhili wa DAFI wa UNHCR, ulioanza mwaka 1992, umesomesha wakimbizi wengi katika vyuo vikuu. Nafasi ni chache, lakini njia ya kuzifikia inaanza na S.4.

Msinunue karatasi za mtihani zinazodaiwa kuibwa. Mara nyingi ni za uongo, na zikiwa za kweli mtoto anaweza kufutiwa matokeo yote. Sheria ya UNEB ya mwaka 2021 inaadhibu makosa hayo kwa faini au kifungo.

9. SIKU YENYEWE

Jioni yake tayarisha kalamu 2, penseli, rula, kifutio na kikokotoo. Acha simu nyumbani. Ukikaa mbali na shule, panga mapema jinsi utakavyofika. Mvua ikinyesha njia huwa mbaya na bodaboda huchelewa. Kula kabla ya kutoka.

Ukipewa karatasi, isome yote kwanza. Anza na swali unalolijua. Usikae kwenye swali moja hadi muda uishe. Usiache nafasi tupu: andika kanuni, andika kipimo, andika unachokijua.

10. MASWALI YA KUJIPIMA

a) Mbarara iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kwa nini maharage huchelewa kuiva kuliko Mombasa?
b) Taa ya wati 6 inatumia volti 12. Tafuta ampea na ukinzani wake.
c) Maji ya ziwa yenye matope hutiwa chumvi ya alumini, halafu klorini. Kila moja inafanya kazi gani?
d) Gari limekwenda kilomita 60 kwa saa 1 na dakika 30. Tafuta mwendo wake wa wastani.

Majibu:
a) Juu mlimani mgandamizo wa hewa ni mdogo, kwa hiyo maji huchemka kwenye karibu digrii 95 badala ya 100. Maharage yanapikwa kwa digrii chache zaidi, hivyo huchelewa. Sufuria ya presha huongeza mgandamizo na digrii.
b) 6 ÷ 12 = ampea 0.5. Ukinzani ni 12 ÷ 0.5 = omu 24.
c) Chumvi ya alumini hukusanya chembe za matope zikazama. Klorini huua vijidudu. Klorini hutiwa mwisho kwa sababu matope huimaliza kabla haijaua vijidudu.
d) 60 ÷ 1.5 = kilomita 40 kwa saa.

Ukipata yote manne, endelea. Ukikosa, usikate tamaa: rudia sehemu hiyo kesho, na umwulize mwalimu. Haba na haba hujaza kibaba.

Tunawatakia nyote heri katika mtihani. Ukimaliza kuisoma karatasi hii, mpe mwenzako.